Nani Kafuta Mchoro?

Kila mtu alikuwa na maoni yake juu ya titi la kushoto la Mwalimu. Kaka yake alikuwa nayo, wifi yake alikuwa nayo, shangazi yake alikuwa nayo ya kutumia na ya kugawa. Hata mlinzi wa getini pale hospitali, alipoulizwa tu kliniki ya upasuaji iko wapi, alisimama kwanza akawashauri. Mwenye titi naye alikuwa na maoni. Tatizo hakupewa hata upenyo wa kuyatoa.

Na usidhani Mwalimu ni mtu wa kunyamaza. Ni mwalimu wa udereva, wale wanaokaa kiti cha pembeni na mguu juu ya breki ya pili, na nusu ya madereva wa mji wamepita mikononi mwake wakifokewa. "Kioo hicho ni cha kutazama nyuma, si cha kutazama nywele zako!" "Klachi, baba, klachi! Unaikanyaga kama unaua mende!" Amewahi kumfokea hakimu hadi hakimu akaomba samahani. Lakini mbele ya shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, Mwalimu huyo huyo hugeuka mtoto wa miaka saba. Shangazi akisema keti, anaketi. Shangazi akisema huna njaa, basi hana njaa. Mambo yote yaliharibikia hapo.

Habari ya saratani walikwisha kuizoea. Mwalimu alikuwa amemaliza dawa za kutundikiwa, nywele zimeanza kurudi, uvimbe umesinyaa, na sasa titi lote lilikuwa litolewe. Hilo alilikubali. Alililia siku zake, akafuta uso, akarudi kazini. Kilichobaki kilikuwa swali moja, na ndilo lililowapeleka wote wanne kwa daktari mpasuaji: kidonda kitafungwaje?

Daktari alikuwa mwanamke mfupi, sauti ya chini, macho ya mtu aliyelala kidogo. Shangazi hakuketi mpaka alipokifuta kiti kwa leso yake, kisha akaifuta na meza ya daktari kwa upande aliofikia. Huyo ndiye Shangazi. Anaona vumbi mahali ambapo vumbi lenyewe halijatua.

"Ziko njia mbili," daktari alisema, akachukua karatasi akachora vifua viwili. "Ya kwanza, naondoa titi pamoja na sehemu kubwa ya ngozi yake. Kingo zinakutana, nashona, kifua kinakaa bapa. Ni kazi fupi na unapona mapema. Ya pili, naondoa chuchu na nyama yote ya ndani, ila ngozi nyingi naiacha. Mwenzangu anayeunda matiti anaingia hapo hapo, anaweka mfuko mdogo chini ya msuli. Tunaujaza maji kidogo kidogo kila unapokuja kliniki, ngozi inatanuka, baadaye tunaubadilisha kwa titi la kudumu. Hii ni ndefu zaidi, na mfuko unaweza kuingia usaha ikabidi utolewe. Sikufichi. Lakini uvimbe wako uko mbali na ngozi na mionzi huhitaji, kwa hiyo zote mbili zinawezekana."

Akaweka kalamu chini.

"Ila jambo moja mlielewe. Ngozi nikishaikata siirudishi. Ukichagua ya kwanza, halafu mwakani ubadili mawazo, itabidi tukachukue ngozi na nyama mgongoni, na huo ni upasuaji mkubwa kuliko huu. Kwa hiyo uamuzi ni sasa. Unataka ipi, Mama?"

Mwalimu akafungua mdomo.

"Ya kwanza," Shangazi akajibu.

"Nimemuuliza mgonjwa."

"Na mgonjwa ni wangu. Ya kwanza. Mtu akatwe, ashonwe, arudi nyumbani. Hayo mambo ya kujazwa maji kama tairi ya nini?"

Kaka mtu akaitikia kwa kichwa. Yeye ni mtu wa vikao. Hata chakula cha jioni kwake kina ajenda. "Tuangalie kipaumbele, daktari. Kipaumbele ni uhai. Urembo ni mengineyo."

Wifi naye akamshika Mwalimu goti kwa huruma, ile huruma inayokutoa machozi ya hasira. "Wifi yangu, watoto umeshawalea, wako kwao. Shemeji yetu ndiyo hivyo tena, Mungu amrehemu. Sasa hilo titi la nini? Nani atalitazama?"

Nani atalitazama! Jamani! Mwalimu alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Mimi, alitaka kusema. Mimi nitalitazama. Kila asubuhi ya Mungu mimi ndiye ninayesimama mbele ya kioo kile nikifunga vifungo vya blauzi. Marehemu alikuwa hata akinitazama haoni, alikuwa anatafuta soksi! Yote hayo yalikuja hadi kwenye meno. Kisha Shangazi akageuza shingo, akamkazia lile jicho la tangu utotoni, jicho la kaa-vizuri-kuna-wageni.

Daktari akauliza tena. Wakajibu wengine tena. Akauliza mara ya tatu, safari hii akimtazama Mwalimu peke yake.

"Sawa tu," Mwalimu akasema, kwa sauti ambayo wanafunzi wake wasingeitambua. "Hiyo ya kwanza."

Alijichukia mpaka akaumwa na kichwa. Siku zilizobaki kabla ya kulazwa alifundisha kama kawaida, na waliokula moto ni wanafunzi. Kijana mmoja, muuza simu, alifika kwenye makutano akauliza kwa adabu zake zote, "Mwalimu, nikate kulia au kushoto?"

"Kata unakotaka wewe! Usukani uko mkononi mwa nani? Usiulize watu!"

Yule kijana akazima gari katikati ya barabara. Honi nyuma yao zikalia kama harusi inapita. Mwalimu akakaa pale, mguu juu ya breki yake ya pili, akawaza kwamba katika gari hili mtu akikosea yeye anakanyaga tu na kila kitu kinasimama. Kwenye mambo ya kifua chake mwenyewe hakuwa na pa kukanyaga. Usiku, kabla ya kushuka garini, alijaribu kuyasema maneno yale peke yake, "Nataka titi." Yalitoka vizuri sana. Kwenye gari tupu kila mtu ni jasiri.

Siku ya kulazwa walikuja wote, bila shaka. Wangekosaje? Mchana daktari alifika kitandani na kalamu nene ya wino wa zambarau. Wifi alivuta pazia kuwafungia wagonjwa wengine nje, akajifungia yeye ndani.

"Kaa wima pembeni ya kitanda," daktari alimwambia Mwalimu. "Ukilala kila kitu kinahama kwenda kwapani, nitakosea. Ndiyo maana tunachora leo, umekaa. Kesho nitafuata mistari hii hii."

Kalamu ilikuwa baridi. Mstari mmoja ulianzia karibu na mfupa wa kifua, ukapita juu ya titi, ukaenda hadi kwapani. Wa pili ukapita chini yake, ukakutana na wa kwanza. Mwalimu akainamisha kichwa, akaona umbo kama jicho kubwa limemfunguka kifuani. Ngozi yote iliyokuwa ndani ya jicho lile ilikuwa ya kutupwa kesho.

"Bado ni hii tuliyokubaliana?" daktari akauliza.

Kaka akatazama saa yake. "Ndiyo, daktari. Halijabadilika kitu."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Ukiniuliza mimi, mtu mzima anayefokea mahakimu angeweza kusema neno moja, lakini ndivyo alivyokuwa, na yeye alijua, na alikuwa anajitukana moyoni kuliko utakavyomtukana wewe.

Sista wa zamu alisogea na maelekezo. "Mama, kuoga utaoga, ila kifua usikiguse. Mchoro huu ndiyo ramani ya daktari. Ukifutika tuna kesi." Akamgeukia Shangazi, kwa sababu alikwisha kumwona akipangusa kabati la kitanda. "Na wewe bibi, umesikia? Kifua hakioshwi."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Jioni kaka na wifi waliondoka. Shangazi akabaki, akakunja mikono ya gauni, akatangaza kwamba mtoto wake haendi kwenye kisu bila kuogeshwa. Mwalimu alikataa. Alikataa tena. Mbele yake Shangazi alikwisha kubeba ndoo.

Bafu la wodi lilikuwa mwisho wa ukumbi: kigoda cha plastiki, bomba linalodondosha, taa ya kukonyeza. Mwalimu aliketi kwenye kigoda akiwa mtupu kama siku ile alipoletwa kwa Shangazi akiwa mdogo, na mikono ilikuwa ile ile, migumu, haina mchezo. Mgongo ukasuguliwa. Miguu ikasuguliwa. Mwalimu akainamisha kichwa ili amwagiwe maji shingoni, akakutana na lile jicho la zambarau uso kwa uso. Hapo ndipo alipobomoka. Alilia kwa sauti, kamasi na yote.

"Nini tena?" Shangazi akasema. "Maji ya moto?"

"Nalitaka!"

"Unataka nini?"

"Titi, Shangazi! Nataka nitengenezewe jingine! Sitaki kuwa bapa! Nataka nikivaa nguo zangu nijione mimi, basi, sina sababu nyingine, sina mwanaume, sina chochote, nataka tu!"

Dodoki likasimama hewani.

"Sasa kwa nini hukusema?"

Hebu fikiria. Kwa nini hukusema! Mwalimu alitamani kulia, kucheka na kuuma kitu, vyote kwa pamoja. "Ningesema saa ngapi? Daktari ananiuliza mimi, nafungua mdomo, unajibu wewe! Leo ameuliza, amejibu kaka! Mlango gani mliniachia nipitie?"

Shangazi akaliweka dodoki chini. Kwa mwanamke yule, hilo peke yake lilikuwa la kuitia watu.

"Basi," Mwalimu akasema, akijipangusa pua kwa kiganja. "Yameshapita. Kimeshachorwa."

"Subiri hapo," Shangazi akasema.

Akatoka. Mwalimu akabaki anatetemeka, anasikia kandambili zikienda ukumbini, kisha sauti ya Shangazi ikimsemesha mgonjwa wa kitanda cha pili. Aliporudi alikuwa na chupa ya mafuta ya kupaka.

"Ngozi yako imekauka. Fumba macho, nakutia sabuni usoni."

Akafumba. Alikuwa amechoka kubishana. Sabuni ilimjaa usoni, mikono ile ikampaka mafuta shingoni, ikashuka, ikasugua, ikasugua tena kwa dodoki kama mtu anayeondoa masizi chini ya sufuria, na Mwalimu bado analia, hajui kinachosuguliwa ni nini, mpaka alipomwagiwa maji akafumbua macho. Povu lililokuwa likielekea kwenye tundu la bafu lilikuwa la zambarau.

Akatazama kifua. Safi kama sahani.

"Shangazi! Umefanya nini! Mchoro!"

"Mchoro gani?"

"Wa daktari! Umeambiwa usiguse! Umeambiwa wewe, kwa masikio yako!"

"Aa, ule uchafu?" Shangazi akajitia hamnazo, akakamua dodoki. "Mimi nilidhani ni dawa ya zamani. Macho yenyewe haya, na taa yenyewe hiyo. Simama nikufute maji."

Sasa mtu kama huyu utamfanya nini? Niambie. Angekuwa mwizi ungepiga kelele ukapata nafuu. Mwalimu alirudi kitandani, akajigeuzia ukutani, na Shangazi alipomtandika shuka miguuni aliivuta miguu yake kama mtoto aliyesusa.

Asubuhi daktari alikuja mapema, amevaa nguo za kijani, akafungua shuka, akaganda.

"Nani kafuta mchoro wangu?"

Kaka na wifi walikuwa wamefika kumsindikiza. Wakatazamana. Sista akamtazama Shangazi. Shangazi akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mimi. Nilimwogesha. Sikuona vizuri."

Yule daktari wa sauti ya chini, kumbe sauti ya juu nayo anayo! "Hamuoni? Nakwenda kumkata mtu, mimi nisimame pale nibahatishe? Tokeni! Wote nje! Aliyefuta na asiyefuta!"

Kaka alianza kusema kwamba yeye, kama msemaji wa familia... Shangazi, ambaye tangu azaliwe hajawahi kutolewa chumbani na mtu, alikuwa wa kwanza kuinuka. Akamkamata kaka kwa mkono wa shati, akamkamata wifi kwa mkoba wake, akawavuta nje wote wawili, na pazia akalifunga mwenyewe.

Wakabaki wawili. Daktari akashusha pumzi, akafungua kalamu, akagusa mfupa wa kifua pale pale alipoanzia jana.

"Simama!" Mwalimu akasema.

Ilimtoka sauti ya garini, ile ya mwanafunzi anayeelekea mtaroni. Kalamu ikasimama.

"Nataka njia ya pili, daktari. Uniachie ngozi yangu. Nataka titi."

Daktari akamtazama, hana hata nguvu ya kukasirika upya. "Mama. Nimekuuliza mara tatu kliniki. Jana nikakuuliza tena hapo hapo ulipokaa."

"Uliuliza chumba kizima. Leo ndiyo umenikuta peke yangu."

Daktari akafunga kalamu. Akavuta kiti, akakaa, jambo ambalo jana hakulifanya. "Unajua mfuko unaweza kukataa, tukautoa, ukabaki bapa vilevile baada ya mateso yote?"

"Najua."

"Unajua utarudi hapa mara kwa mara kujazwa, na upasuaji wa pili upo?"

"Najua. Nilikusikia vizuri siku ile. Masikio yangu yalikuwa mazima, mdomo ndio uliokuwa na watu wengi."

Daktari akacheka puani. Akatoka, akapiga simu, akarudi. Mwenzake anayeunda matiti alikuwa kwenye jengo lile lile, mfuko wa kipimo kile upo, ila Mwalimu hatakuwa wa kwanza tena. Ataingia mchana, wa mwisho. Atakaa na njaa. Mwalimu alisema njaa si kitu. Daktari akachora upya: duara dogo tu kuzunguka chuchu, na mstari mfupi kuelekea pembeni. Ngozi iliyobaki nje ya mstari ilikuwa nyingi. Mwalimu aliitazama akahisi kama karudishiwa kitu chake alichoporwa sokoni.

Kaka alipopewa habari alipandisha mori. "Lakini tulikubaliana!"

"Mlikubaliana," Mwalimu akasema. "Mimi nilikuwa nimekaa tu."

Kaka akamgeukia Shangazi, maana mtu lazima amalizie hasira mahali. "Umeona ulichosababisha? Tungekuwa tumeshamaliza. Uzee umekuingia sasa, Shangazi. Umeambiwa usioshe, unaosha!"

"Apelekwe kwa daktari wa macho," wifi akadakia. "Atakuja kutuwekea sabuni kwenye mboga."

Shangazi akayapokea yote, mikono imelala mapajani. Mwanamke ambaye ukimwambia chai yake ina sukari nyingi hakusemeshi wiki nzima! Waliposhuka kwenda kutafuta kifungua kinywa, Mwalimu akajigeuza upande mwingine. Bado alikuwa amenuna. Njaa ilikuwa inamkwaruza, na jambo lilikuwa limekwenda vizuri kwa bahati tu, bila shukrani kwa mtu.

"Na wewe usiniguse mpaka niende," akasema.

"Sikugusi." Kisha, kutoka kwenye kiti chake, ng'ambo ya kitanda, Shangazi akanyoosha kidole. "Ila kuna unywele kwenye mto wako. Hapo, karibu na mshono. Mweupe."

Mwalimu akatazama mto mweupe. Akainamia. Akautafuta kwa vidole mpaka akaupata. Unywele mmoja, mweupe juu ya kitambaa cheupe.

Akageuka polepole.

"Shangazi. Ule mchoro uliuona."

Shangazi akakunja leso yake mara mbili, akailainisha juu ya goti.

"Wino ule mgumu sana," akasema. "Sabuni peke yake haikufua dafu. Ilibidi nikaombe mafuta."

"Sasa kwa nini usingemwambia tu daktari?"

"Nimwambie nini? Nikujibie tena?" Akaikunjua leso, akaikunja tena. "Nilijibu mara moja, nikakuharibia. Nikaona bora nifute, aulize upya."

Mwalimu akanyoosha mguu chini ya shuka mpaka ukagusa mkono wa Shangazi, akauacha hapo.

Mchana sista alikuja na kitanda cha magurudumu na karatasi zake. Kaka na wifi walikuwa wamerudi, wamesimama ukutani. "Haya Mama," sista akasema, "kabla hatujaingia lazima niulize. Leo unafanyiwa nini?"

Shangazi akafungua mdomo. Mazoea ni mazoea. Kisha akauona uso wa Mwalimu, akaufunga, akauziba kabisa kwa leso kwa mikono miwili, na kwa jicho kali akamgeukia kaka, ambaye naye alikuwa amekwisha kuvuta pumzi.

Mwalimu akajibu mwenyewe, kwa sauti iliyosikika hadi kitanda cha mwisho.